Wanasema ukoo wa mama ndio uliowaua kaka zangu

Shikamoo mama,

Safu hii naisoma tangu nikiwa sekondari na sikuwahi kufikiri na mimi ningeandika. Naomba usitaje jina langu wala mtaa wetu. Inatosha kusema naishi Temeke.

Kwetu tulizaliwa wanne: kaka wawili wakubwa, mimi, na mdogo wetu wa mwisho wa kiume. Baba alifariki zamani kwa kisukari akamwachia mama nyumba, vyumba vya mbele tunakaa wenyewe na vya uani tunapangisha. Kaka zangu walikuwa na fremu Gerezani, Kariakoo, wakiuza spea za bodaboda. Mkubwa alikuwa na miaka 36, anayemfuatia 33. Walikuwa na afya zao, huyo wa pili hakukosa mpira wa Jumapili hata siku moja.

Julai 2021 wakaanza kuumwa wakifuatana. Mkubwa alianza na homa na kichwa, tukadhani malaria, akapima akaambiwa hana. Mama akamchemshia nyungu ya mwarobaini, mchaichai na malimao, akamfunika blanketi mpaka jasho likawa linadondoka kwenye mkeka. Baada ya siku chache akawa hawezi kumaliza sentensi bila kukatika pumzi. Tulipomfikisha hospitali tukaambiwa kitanda chenye oksijeni hakuna, tusubiri. Nilikaa naye kwenye benchi la korido nikimpepea kwa bahasha ya eksirei, kucha zake zimekuwa za zambarau. Alfajiri akakata roho. Arobaini yake haijafika, na wa pili akafuata. Yeye oksijeni aliipata, haikumsaidia. Kwenye tangazo la msiba tuliandika changamoto ya upumuaji, kama familia nyingi mwaka ule. Mdogo wetu, aliyekuwa analala chumba kimoja na huyo wa pili, alikohoa tu akapona. Mama alipotewa na harufu ya chakula, basi. Mimi sikuona dalili yoyote.

Tangu hapo shangazi, dada wa marehemu baba, ana wimbo mmoja: ukoo wa mama haukai wanaume. Ushahidi wake ni mjomba, kaka wa mama, aliyefariki Lindi miaka ya tisini akiwa kijana, naye kwa kifua. Siku nyingine anakwenda mbali zaidi, anasema mama "amewatoa" watoto wake. Siku ya hitima aliyasema hayo mbele ya wapangaji. Mama hakujibu. Aliendelea kuchagua mchele, chuya huku, mchele huku, kama hajasikia.

Sasa kuna binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma uuguzi Uingereza. Amenitumia makala na sauti ndefu za WhatsApp. Anasema wataalamu wamegundua jeni moja inayokaa kwenye kromosomu ya X, moja ya vifurushi vinavyobeba vinasaba tunavyorithi. Mwanamume akiipata mbovu, korona inaweza kumuua hata akiwa kijana, na jeni hiyo anaitoa kwa mama yake. Yeye amefurahi sana. Anasema tukipima tutamsafisha mama, watu wataona si uchawi. Atakuja Desemba na vifaa vya kupimia, unatema mate tu kwenye kichupa, anaondoka nayo. Na Desemba hiyo hiyo shangazi ameitisha kikao cha ukoo kuzungumzia nyumba. Binamu anataka majibu yasomwe pale.

Mama, mimi niliposikia sikufurahi, nilikufa ganzi. Kama kweli imetoka kwa mama, si shangazi atakuwa amepata alichokuwa anakitafuta?

Halafu nina mtoto wa kiume wa miaka minne. Akikohoa usiku naamka nakaa pembeni yake nahesabu pumzi. Mume wangu hajui lolote katika haya. Mdogo wangu anatarajia kuoa mwakani, amesema hataki kujua na nisimtaje kwa mtu. Mama yangu sijamgusia.

Nipime au niache? Nimwambie mama? Na ni kweli mtu anaweza kuzaliwa na kifo cha namna hiyo kimekaa ndani yake kinasubiri?

Dada wa Temeke

*Mshauri anajibu*

Marahaba mwanangu, na pole. Kuzika kaka wawili ndani ya muda mfupi namna ile, halafu msiba ugeuzwe kesi ya mama yako, ni mzigo juu ya mzigo.

Nilivyokuelewa, una maswali matatu yaliyofungwa pamoja. Moja ni la kitabibu: kwa nini hawa walikufa na wengine wakapona ndani ya nyumba moja. La pili ni la mwanao. La tatu ni la kikao, yaani heshima ya mama na nyumba. Binamu yako anaamini kichupa kimoja cha mate kitayajibu yote. Hapo mimi nina shaka, na nitakueleza kwa nini, ila nianze na hilo la kuzaliwa na kifo ndani, maana naona ndilo linalokunyima usingizi.

Ni kweli kwamba watu hawazaliwi na kinga zilizolingana. Mwaka 1988 watafiti wa Denmark walichapisha habari za watoto walioasiliwa, waliozaliwa kati ya 1924 na 1926 na kulelewa na watu wasio wa damu yao. Mtoto ambaye mzazi wake wa kumzaa alikufa kwa ugonjwa wa kuambukiza kabla ya kufika miaka 50, naye alikuwa na hatari karibu mara sita ya kufa kwa ugonjwa wa kuambukiza. Kifo kama hicho cha mzazi mlezi, aliyeishi naye nyumba moja na kula naye sahani moja, hakikuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Kwa hiyo damu ina neno lake hata katika magonjwa ambayo tunayaokota barabarani.

Anachokisimulia binamu yako kipo pia. Mwaka 2020 madaktari wa Nijmegen, Uholanzi, walipokea ndugu wawili vijana kutoka familia moja, kisha ndugu wengine wawili kutoka familia nyingine, wote wanaume wa kati ya miaka 21 na 32, wasio na ugonjwa wowote mkubwa, wote wamelazwa kwenye mashine ya kupumulia. Mmoja wao alifariki. Walipochunguza vinasaba vyao wakakuta kasoro kwenye jeni iitwayo TLR7. Kazi ya jeni hiyo ni kama jirani mwenye usingizi mwepesi: virusi vikiingia, yeye ndiye anayesikia mwanzo na kupiga yowe la mwizi. Yowe lenyewe ni kemikali ambayo mwili unaitengeneza, inaitwa interferoni, na seli za jirani zikiisikia zinafunga milango. Yowe likichelewa, virusi vinazaliana mapafuni kwa siku kadhaa bila bughudha, na kinga inapozinduka inakuja kwa fujo ambayo yenyewe inaumiza mapafu.

Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu, na hiyo moja kapewa na mama yake. Mwanamke anazo mbili; moja ikiwa na hitilafu, ile ya pili kwa kawaida inamsitiri. Mpaka hapo binamu hajakudanganya.

Lakini hebu tuisogeze taa kidogo. Watafiti walipokusanya wanaume wengi waliougua vibaya sana wakiwa chini ya miaka 60, kasoro ya TLR7 waliikuta kwa pungufu ya wawili katika kila mia. Maana yake ni kwamba katika kila wanaume mia wa umri huo waliofika pale walipofika kaka zako, zaidi ya 98 walikuwa na sababu nyingine. Ndugu wawili kufuatana kunaipa uzito hoja ya kurithi, hilo silikatai. Ila ndugu wawili hawa walifanya kazi fremu moja, Kariakoo, mwezi ambao kirusi cha Delta kilikuwa kinatembea, wakavuta hewa ile ile. Chanjo nchini ilizinduliwa tarehe 28 Julai mwaka ule, wakati nyumbani kwenu msiba ulikuwa tayari umepiga hodi au uko mlangoni. Na mkubwa, kwa maelezo yako mwenyewe, alikufa kwenye benchi akisubiri oksijeni. Sijui jeni gani ingemwokoa pale.

Kitu kingine umekipita haraka kwenye barua yako. Baba yenu alifariki kwa kisukari. Je, kaka zako waliwahi kupimwa sukari? Kisukari cha ukubwani hutembea sana katika familia, mtu anaweza kukaa nacho miaka akicheza mpira kila Jumapili, na ni moja ya mambo yanayojulikana wazi kuzidisha ukali wa korona. Ukiwa unasaka kilichorithiwa, upande wa baba nao una mlango. Sisemi hivyo ili lawama ihamie kwa shangazi, asije akasoma gazeti akanifuata. Nasema kwa sababu nyinyi watoto wawili mliobaki mnaweza kupima sukari wiki hii kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na jibu lake lina dawa.

Kuna na jambo jingine lililowashangaza wataalamu mwaka huo wa 2020. Katika wagonjwa 987 waliozidiwa kabisa, 101 walikutwa na kingamwili, yaani silaha za kinga ya mwili, zinazoshambulia interferoni yao wenyewe, yaani mwili unaziba mdomo wa anayepiga yowe. Kati ya hao 101, wanaume walikuwa 95. Hilo ni fungu kubwa kuliko la TLR7, na huonekana zaidi kadiri umri unavyosogea. Kwa hiyo hata mtu akikuambia "wanaume wa nyumba hii ndio wanaokwisha", wanaume walikuwa wanakwisha kuliko wanawake katika nyumba nyingi za dunia hii, kwa njia zaidi ya moja.

Na huyo mjomba wa Lindi. Korona haikuwepo miaka ya tisini. Wanaume wengi waliokutwa na kasoro ya TLR7 walikuwa wazima tu mpaka siku walipokutana na korona, mafua mengine waliyamudu kama mimi na wewe. Ndivyo kasoro nyingi za aina hii zilivyo, nyembamba. Kuna watoto wenye hitilafu kwenye jeni ya TLR3 ambao kirusi cha kawaida cha herpesi, kile kinacholeta vidonda vya mdomoni, kinaweza kuwapanda ubongoni, lakini magonjwa mengine wanayavuka salama. Basi mjomba kufa kwa kifua zama zile, ambapo kifua kikuu na nimonia vilichukua vijana wengi, hakumfanyi kuwa shahidi wa tatu. Shangazi amewapanga mstari mmoja watu ambao pengine hawahusiani kabisa.

Sasa twende kwenye mate.

Vifaa vingi vya namna hiyo vinavyouzwa madukani na mtandaoni husoma sehemu zilizochaguliwa za vinasaba, hasa tofauti zinazopatikana kwa watu wengi. Kasoro ya TLR7 ni adimu, na kila familia inaweza kuwa na ya kwake katika sehemu tofauti ya jeni. Kipimo kikisema hakuna kitu, huenda hakikuangalia penyewe. Ukitaka jibu la kuaminika inabidi jeni isomwe yote kwenye maabara ya kitabibu, halafu daktari mwenye ujuzi huo aitafsiri, maana kukuta herufi ya jeni iliyobadilika si lazima iwe kasoro. Hapo kuna ugumu zaidi kwetu: tafiti nyingi za jeni na korona zilifanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mfano wake ni kipande kimoja cha kromosomu namba 3 kinachoongeza ukali wa ugonjwa. Watafiti Hugo Zeberg na Svante Pääbo, huyu wa pili akiwa ndiye aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2022, walionyesha kwamba kimerithiwa kutoka kwa watu wa kale wa Neanderthal. Karibu nusu ya watu wa Asia Kusini wanacho, na karibu asilimia 16 ya watu wa Ulaya. Afrika karibu hakipo. Ripoti ya kifaa iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wengine inaweza kukupa majibu marefu yasiyokuhusu.

Vilevile nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Sampuli kusafirishwa nje ina utaratibu wake. Binamu asije akatia vichupa kwenye begi akidhani ni sawa na kubeba pilipili za kusaga.

Halafu jiulize, mate ya nani? Marehemu hawapimiki tena. Wa kupimwa ni mama. Katika barua yako yote sijaona mahali ambapo mama ameulizwa.

Tuseme basi amekubali na majibu yamesomwa kikaoni. Yakionyesha kasoro, binamu atasema "mnaona, ni sayansi", na shangazi atasikia neno moja tu, kwamba imetoka kwake. Yasipoonyesha kitu, shangazi atasema "mmeona wenyewe, si ugonjwa, tafuteni kilichowaua". Ulikufa ganzi kwa sababu uliliona hilo kabla hujaweza kulisema. Kikao kile nadhani kinataka kujua nani akae kwenye nyumba, na swali hilo halina jibu kwenye mate. Mirathi ya baba ilifunguliwa? Mama ana hati au barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani? Kama hamjui, Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, wanatoa msaada wa kisheria hapa Dar es Salaam, na inafaa mama aende kabla ya Desemba kuliko baada yake. Kumtangazia mtu uchawi nako kuna sheria yake, ingawa kumpeleka shangazi polisi ni moto mwingine, na najua msingependa kuuwasha hovyo.

Hayo ni ya tahadhari. Upande wa pili nao una haki yake, nisije nikakufanya uamini kwamba kutojua ndiyo salama. Kuna familia ambazo kujua kumewasaidia: mtoto anafuatiliwa mapema, homa ya kifua haisubiriwi, chanjo haiahirishwi kwa sababu chanjo inaupa mwili silaha kabla vita haijaanza, na daktari anajua kwamba huyu si wa kurudishwa nyumbani na panadoli. Ukiona unahitaji njia hiyo, iombe kwa daktari, kwa rufaa, uanzie hospitali kubwa kama Muhimbili, mbali na kikao na mbali na Desemba ya watu. Gharama yake kubwa ni ile ya baadaye. Jibu la vinasaba ukishalijua huwezi kulirudisha, na litakuwa jibu la watu wengine pia.

Chukua hesabu hii ya mwanao. Kama mama yako anabeba kasoro, na hilo ni "kama" kubwa kwa sababu nilizozitaja, wewe una nafasi nusu kwa nusu ya kuwa umeichukua. Ukiwa umeichukua, mwanao naye ana nafasi nusu. Inakuwa robo, iliyosimama juu ya "kama". Mdogo wako angekuwa na nusu. Kupona kwake hakuthibitishi kitu, maana katika watoto wa kiume wa mama mmoja wengine hupata na wengine hukosa. Na hata angekuwa nayo, watoto wake wa kiume wasingeipata kwake kwa sababu baba hampi mtoto wa kiume X yake. Mabinti zake wangeibeba wote. Amesema hataki kujua, na ni haki yake. Lakini ukipima wewe au mama, jibu linaweza kumfikia bila yeye kuuliza. Hilo mzungumze mapema, kwa upole, bila kupeleka maneno kwa mchumba wake.

Kuhusu mume wako, kuwa mwangalifu na mwanzo wa mazungumzo. Hapa mjini mwanamume akiambiwa "nataka kumpima mtoto vinasaba" anasikia kesi ya nani ni baba wa mtoto, na kabla hujafika kwenye korona nyumba imeshaungua. Anza na kaka zako. Mwambie jinsi ulivyokaa kwenye benchi, mwambie kwamba mtoto akikohoa hulali. Huenda ameshaona unavyoamka na anangoja useme. Kipimo, kama kitakuwepo, kije mwishoni mwa mazungumzo hayo.

Na kwa kuwa unahesabu pumzi, basi zihesabu kwa faida. Mtoto wa umri wa mwaka mmoja mpaka mitano, akiwa ametulia au amelala, pumzi 40 au zaidi kwa dakika moja nzima ni za haraka, mpeleke kituo cha afya. Akiwa anavuta kifua kwa ndani anapopumua, au anashindwa kunywa, au midomo imebadilika rangi, usingoje asubuhi, na nyungu isiwe kituo cha kwanza. Chini ya hapo, na anacheza na kula, rudi ulale. Hilo halihitaji kujua jeni yake. Korona kwa watoto wadogo kwa kawaida huwa nyepesi kuliko kwa watu wazima.

Mama yako. Unaniuliza umwambie au usimwambie, na ndani yake kuna dhana kwamba hajui lolote na atavunjika. Huyu ni mwanamke aliyemzika kaka yake na watoto wawili, na amesikia kila neno la shangazi. Sidhani kama yule anayechagua mchele hajawahi kujiuliza usiku kama ni yeye. Inawezekana kusikia kwamba wapo mama wengine duniani, wazima wa afya, ambao wanabeba kitu wasichokichagua na wasichokijua, kukampunguzia. Inawezekana pia kukamwongezea, kwa sababu mama ni hodari wa kujihukumu, na ukimwambia "labda ulibeba" anaweza kusikia "uliua". Wewe unamjua, mimi simjui. Ningependa uanze kwa kumwuliza badala ya kumwambia: kama kungekuwa na njia ya kujua, angependa? Akisema hapana, una la kumjibu binamu. Akisema ndiyo, mna safari ya kupanga pamoja, na yeye akiwa mwenye neno la mwisho juu ya nani atasikia majibu.

Huyo binamu usimkasirikie. Yuko mbali, hakuzika, anatafuta namna ya kusaidia. Mtumie maswali kabla hajanunua chochote: maabara gani, inasoma jeni ya TLR7 yote au sehemu, nani atabaki na sampuli, nani atakaa na mama akipata jibu asilolipenda. Kama hana majibu, hilo nalo litampa la kufikiria.

Ukikaa na mama, mwombe akusimulie habari za yule mjomba. Aliumwa nini, kwa muda gani, alikuwa mtoto wa aina gani, kuna mwingine upande wa bibi aliyeugua hivyo? Daktari yeyote wa vinasaba angeanza na maswali hayo kabla hajagusa mate ya mtu, na pengine ni miaka mingi hakuna aliyemwuliza mama habari za kaka yake bila kumtuhumu. Ukishazungumza naye niandikie tena.